Sarafu za Kilwa na Mabishano Kuhusu Umri Wake

Mwaka 2024 ilitimia miaka 80 tangu askari wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, aokote sarafu tisa mchangani katika kisiwa cha Marchinbar, kwenye funguvisiwa la Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, tano kati yake zikiwa ni za masultani wa Kilwa. Na mwaka huohuo ilitimia miaka 40 tangu hazina ya sarafu za fedha na dhahabu ifukuliwe Mtambwe Mkuu, katika pwani ya magharibi ya kisiwa cha Pemba. Kumbukumbu hizo mbili zinastahili kutajwa pamoja ingawa Bahari ya Hindi nzima imelala kati yake, kwa sababu zote zinagusa swali ambalo limewashughulisha wataalamu wa elimu ya sarafu kwa muda wa karibu karne nzima, yaani namna ya kujua umri wa sarafu ambayo mtengenezaji wake hakuandika mwaka juu yake.

Sarafu za Kilwa nyingi ni za shaba, ndogo na nyembamba, na zilipigwa na dola ya kisiwani Kilwa Kisiwani, mji ambao magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Upande mmoja una jina la sultani na la baba yake, na upande wa pili una tamko fupi la Kiarabu la kumtegemea Mwenyezi Mungu, lililotungwa ili mwisho wake ulingane kwa sauti na mwisho wa jina la sultani, jambo ambalo msomaji aliyekulia katika mashairi ya Kiswahili hahitaji kuelezwa kwamba ni vina. Dinari za Misri na za Baghdad za zama hizo huandikwa mwaka wa Hijria na mji zilikopigwa, na kwa hiyo mtu aliyeishika moja huweza kuisoma tarehe yake palepale. Lakini sarafu ya Kilwa haina mwaka wala mji, na jina la sultani halisaidii sana pale ambapo masultani kadhaa walikuwa na majina yaleyale ya Ali, Hasan, Sulaiman na Daud.

Kilwa haikuwa ya kwanza kupiga sarafu katika mwambao huu, kwani huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alipata vijisarafu vya fedha vya zamani zaidi, vyenye majina ya Muhammad na Abdallah. Hata hivyo ni Kilwa iliyoendeleza kazi hiyo kwa karne kadhaa, ikaacha sarafu nyingi kiasi kwamba mvua za masika na mawimbi yanayozila fukwe, hasa Kisimani Mafia, yamekuwa yakizitoa ardhini zenyewe bila ya jembe wala mashine.

Orodha ya kwanza ya kitaalamu iliyowapanga masultani kwa mujibu wa sarafu zao iliandikwa na John Walker wa Makumbusho ya Uingereza mwaka 1936, naye akaiongezea mwaka 1939, na baada yake G. S. P. Freeman-Grenville akaipanua kazi hiyo katika miaka ya 1950. Wote wawili walikuwa na vitabu viwili vya kuwaongoza: historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, ambayo nakala yake ilichapishwa London mwaka 1895, na toleo jingine la historia hiyohiyo ambalo Mreno João de Barros alilitia katika kitabu chake cha mwaka 1552. Masimulizi hayo yanaeleza habari inayojulikana na kila mtoto wa Kilwa, ya mwana wa sultani wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo, na yanampa mwanzilishi huyo jina la Ali. Kwa kuwa sarafu nyingi za Kilwa na Mafia zina jina la Ali bin al-Hasan, ilikuwa rahisi kusema kwamba Ali wa sarafu na Ali wa kitabu ni mtu mmoja; na Freeman-Grenville, akihesabu kurudi nyuma kwa kufuata miaka ya utawala iliyotajwa katika masimulizi, aliuweka mwanzo wa enzi yake karibu na mwaka 957.

Hesabu hiyo ilipingwa na Neville Chittick, mtu aliyechimba Kilwa kwa miaka kadhaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake katika majuzuu mawili mwaka 1974. Chittick hakuanzia kwenye vitabu bali kwenye tabaka za udongo, yaani mapande ya ardhi yanayolaliana moja juu ya jingine kadiri watu wanavyojenga, wanavyobomoa na wanavyotupa takataka, ambapo lililo chini ndilo la zamani zaidi. Aliona kwamba sarafu za Ali bin al-Hasan hazionekani katika tabaka za chini kabisa za mji, na kwamba zinaanza kutokea pamoja na vyombo vya udongo na vigae vilivyoletwa kutoka ng'ambo ambavyo yeye alivikadiria kuwa vya mwishoni mwa karne ya 12. Kwa sababu hiyo aliwasogeza Washirazi wote mbele, akamweka Ali kwenye takriban mwaka 1200, na kwa tendo hilo moja akaifupisha historia ya dola ya Kilwa kwa zaidi ya karne mbili.

Uzito wa mabishano haya hauwezi kupimwa kwa miaka peke yake. Kama Ali alitawala katika karne ya 10 au ya 11, basi wenyeji wa mwambao walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe, kwa majina ya watawala wao wenyewe, wakati ambapo nchi nyingi za dunia hazikuwa na sarafu yoyote. Na kama alitawala mwaka 1200, basi Kilwa ilikuja nyuma ya wimbi la biashara ambalo lilikwisha kuanzishwa na wengine. Wapo waliomwamini Chittick kwa sababu alikuwa na udongo mkononi, na wapo walioshikilia vitabu kwa sababu masimulizi ya wenyeji yalikuwa yamedharauliwa kwa muda mrefu kupita kiasi. Kasoro ilikuwa pande zote mbili, kwani sarafu nyingi alizozitumia Walker zilikuwa zimekusanywa bila kuandikwa zilikotoka, na zile za Chittick, ingawa zilitoka ndani ya tabaka, zilipewa umri kwa kutegemea umri wa vigae, ambao wenyewe ulikuwa bado unajadiliwa.

Jibu lilitoka Pemba. Mwaka 1984, mwaka uleule ambao Chittick alifariki, Horton alifukua Mtambwe Mkuu, mji wa kale ulio karibu na Wete, hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha ambazo zilikuwa zimezikwa pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za nje. Neno hazina hapa lina maana mahususi katika elimu ya sarafu: ni sarafu zilizofichwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, na ambazo kwa hiyo haziwezi kuwa zilifichwa kabla ya kupigwa iliyo changa kuliko zote. Dinari zile za kigeni zilikuwa na tarehe, na ya karibuni zaidi ilikuwa ya mwaka 1066. Miongoni mwa sarafu za fedha zilizolala nazo zilikuwamo za Ali bin al-Hasan. Na kwa kuwa hazina yenyewe ilifunikwa muda mfupi baada ya mwaka huo, Ali asingeweza kuwa mtu wa mwaka 1200. Horton, pamoja na Helen Brown na W. A. Oddy, waliichapisha hazina hiyo mwaka 1986, na tangu hapo wataalamu wengi wamekuwa wakimweka Ali katika karne ya 11, baadaye kidogo kuliko vile Freeman-Grenville alivyodhani, lakini mapema zaidi kwa mbali kuliko vile Chittick alivyotaka.

Ni haki kusisitiza kilicholeta uamuzi huo. Sarafu za Ali zilikuwa zikishikwa na kutazamwa na wataalamu kwa miaka 50, na maandishi yake yalikuwa yamesomwa na kusomwa tena, lakini hakuna herufi iliyoweza kutoa jibu ambalo lilitolewa na dinari chache kwa sababu tu zilikutwa shimo moja na sarafu hizo. Lau hazina ya Mtambwe ingeokotwa na mtu aliyeigawa na kuiuza vipande vipande, kila sarafu ingebaki na thamani yake ya fedha, na historia ya Kilwa ingeendelea kupungukiwa karne moja na zaidi.

Sultani ambaye umri wake haukuleta taabu kubwa ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, kwa sababu Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta kitini na kuusifu ukarimu wake. Ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa, na sarafu yake ya shaba imepatikana hadi Zimbabwe Kuu, ushahidi wa njia ya dhahabu iliyoshuka pwani kupitia Sofala. Mwaka 1991 Helen Brown alichapisha habari za sarafu tatu za dhahabu zenye jina la sultani huyo, zikiwa ni uthibitisho kwamba Kilwa haikuishia kwenye shaba.

Kuhusu sarafu za Australia, habari imesimuliwa na magazeti ya dunia kwa shangwe zaidi kuliko uangalifu. Isenberg alikuwa kwenye kituo cha rada wakati wa vita, akazitia sarafu zake ndani ya kopo, na ilipofika mwaka 1979 ndipo alipozipeleka kwa wataalamu zitambuliwe. Nne zilikuwa za Kiholanzi, za kati ya miaka ya 1690 na 1780, na tano ndizo za Kilwa. Mwaka 2013 mwanaanthropolojia Ian McIntosh aliongoza msafara kwenda kisiwani akifuata ramani yenye alama ya X, lakini sarafu nyingine ya Kilwa haikupatikana. Mengi yaliyoandikwa wakati huo yalizungumzia sarafu za miaka elfu moja na mabaharia wa Kiafrika walioiona Australia kabla ya James Cook. Umri wa sarafu, hata ukithibitika, si umri wa safari iliyoifikisha mahali ilipookotwa, kwa kuwa sarafu ya shaba huweza kubaki katika mfuko au katika shehena kwa karne nyingi, na kuwapo kwa sarafu za Kiholanzi za karne ya 18 pamoja nazo kunafanya iwezekane kwamba zote zilifika kwa chombo kimoja cha nyakati hizo. Heshima ya Kilwa inatosha kwa yale yaliyothibitishwa, wala haihitaji kuongezewa ugunduzi wa bara zima.

Kwa vitu vya karne mbili zilizopita, ambavyo ndivyo vinavyookotwa zaidi katika mashamba na viwanja vya zamani vya bara na pwani, kazi ni nyepesi. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash ina picha ya mizani na mwaka 1299 au 1304 wa Hijria. Ya Mombasa ya Kampuni ya Waingereza ina mwaka 1888. Pesa za kampuni ya Wajerumani ni za 1890 hadi 1892. Na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo ilipigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, vita vikiwa vimekwisha kuikata njia ya baharini. Senti zenye tundu za mwaka 1936 zina jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu kabla ya kuvishwa taji. Riale ya Maria Theresa, kinyume chake, humdanganya asiyejua, kwa sababu iliendelea kupigwa kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu huku ikibaki na mwaka uleule wa 1780. Hata vifungo vya sare vina tarehe yake: kifungo chenye taji la dola ya Ujerumani kinaelekeza kwenye jeshi la kikoloni la kabla ya 1918, na katika vifungo vya Kiingereza taji lenye matao yaliyoviringana juu ni la miaka ya 1901 hadi 1952, ilhali lile lenye matao yaliyobonyea katikati ni la enzi ya Malkia Elizabeth II, na mgongoni mwa kifungo, penye kikonyo cha kushonea, mara nyingi huwa pameandikwa jina la kiwanda.

Tangu miaka ya 2000 kazi kubwa imehamia Songo Mnara, ambako Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher wamekuwa wakiandika mahali hasa ambapo kila sarafu ilikutwa, chumbani, uani au kaburini. Mwaka 2014 wao pamoja na John Perkins walitangaza hazina ya sarafu za shaba zaidi ya 300 iliyozikwa karibu na mwanzo wa karne ya 15, na kwa hazina hiyo sarafu za aina ya Nasir ad-Dunya, ambazo zina cheo cha mtawala bila jina lake na kwa hiyo hazikuweza kuwekwa popote kwa uhakika, zimepata nafasi yake katika karne ya 14.

Wakati huohuo mashine za kutambua metali, ambazo wachimbaji wadogo wa dhahabu huziita detekta, zimeanza kutumika kutafuta kile kinachoitwa mali za Mjerumani, yaani hazina zinazodaiwa kufichwa na Wajerumani, na mashimo yanayoachwa na watafutaji hao hukata tabaka ambazo hakuna atakayeweza kuzipanga upya. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inakataza kuvichimba bila leseni, lakini sheria hiyo haifahamiki vijijini kwa kiasi kinachostahili, wala anayeokota sarafu shambani hajaelekezwa vya kutosha kwamba asiisugue kwa mchanga au ndimu, kwa kuwa kutu ya kijani huondoka pamoja na herufi, na kwamba aandike mahali na kina alichoikuta kabla ya kuipeleka kwa afisa wa mambo ya kale.