Chachu Iliyorithiwa

Msomaji, umezoea kukuta katika vitabu vya historia habari za wafalme, vita na mikataba. Sasa nakuomba utazame kitu kidogo kuliko hivyo: tunda kavu lenye nyuzinyuzi, ambalo wazee wa Nyeri walilitunza kama mali.

Ukitoka Skuta na kuteremka kwenye nchi yenye joto zaidi, waweza kuukuta mti ambao Waswahili huuita mwegea, na Wakikuyu muratina. Matunda yake ni marefu na mazito, nayo hunin'ginia kwa vikonyo virefu. Tunda bichi lina sumu. Basi usithubutu kulionja. Hata hivyo, wazee waligundua kazi yake. Walilipasua, wakalianika juani, wakalichemsha, wakamwaga maji yake na kulianika tena. Kisha walilitia katika maji kidogo ya miwa na kuliweka mahali penye joto kwa muda wa siku moja, wakalitoa na kulikausha. Tangu hapo lilikuwa chachu. Likitiwa katika chombo cha maji ya miwa au asali, pombe iliiva kwa siku moja hadi nne. Na baada ya kazi lilikaushwa na kuwekwa, likingojea siku nyingine. Kwa kuwa nchi ya mlimani ni ya baridi, chombo hakikuachwa mbali na moto.

Je, kilichofanya kazi ni tunda lenyewe? La. Mwaka 1857 Mfaransa Louis Pasteur alieleza kuwa kuchacha ni kazi ya viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Viumbe hao ndio waliojificha katika zile nyuzi. Wazee hawakuwa na darubini, lakini walijua kuwalisha, kuwapa joto na kuwahifadhi.

Ujuzi huu una ndugu zake. Wamisri wa kale walioka mikate ya chachu maelfu ya miaka iliyopita. Kwetu pwani, hamira ilifanywa kwa unga na maji yaliyoachwa hadi yakachacha, na jina la mahamri latokana nayo. Mwokaji wa namna hiyo hubakiza kinyunga kidogo, akakilisha unga na maji, ili mkate wa kesho uzaliwe na wa leo.

Pombe ya muratina ilikuwa na heshima yake: ilinyweka katika mapatano ya mahari na katika baraza za wazee, wala vijana hawakuruhusiwa kuigusa. Serikali ya kikoloni iliifunga kwa sheria za vibali. Na hata baada ya Uhuru wa 1963 pombe za kienyeji ziliendelea kuwa chini ya sheria yake maalum, mpaka ilipofutwa baadaye.

Lakini sheria ikifutwa hairudishi ujuzi uliosahauliwa. Hamira ya pakiti hupatikana dukani wakati wowote. Chachu ya kurithi yataka mtu wa kuipokea. Kizazi kimoja kikiacha kuuliza, kijacho hakitakuwa na wa kumwuliza. Basi mwendee babu au nyanya yako, umsikilize kwa adabu, nawe uandike asemayo. Huko ndiko kuandika historia.