Ken Walibora: Mswahili wa Bara na Riwaya ya Vijana

Mwaka 1996 shirika la uchapishaji la Longhorn, mjini Nairobi, lilitoa riwaya iitwayo Siku Njema, kazi ya mwandishi ambaye jina lake lilikuwa bado geni. Fasihi ya Kiswahili kwa ajili ya vijana haikuanza siku hiyo. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ilikuwa imekwisha kutoka tangu 1952, na shule za Afrika Mashariki zilikuwa na vitabu vingi vya hadithi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vitabu hivyo ilimtazama mtoto kama chombo cha kumiminiwa maadili. Katika Siku Njema mtoto ndiye asemaye: hueleza kisa chake kwa nafsi ya kwanza, huwahukumu wakubwa waliomlea, wala hana haraka ya kuwasamehe.

Ken Walibora alizaliwa tarehe 6 Januari 1965 katika eneo la Bungoma, magharibi ya Kenya, akakulia Cherang'any katika Trans-Nzoia. Jina lake la ukoo lilikuwa Waliaula. Alipoingia katika uandishi alijulikana kwa jina la Walibora, na ajuaye Kiswahili ataona mara moja mchezo uliomo, kwani "aula" na "bora" ni visawe. (Kwa msomaji wa Lubumbashi, ambako Kiswahili cha vitabuni huitwa "Kiswahili bora", jina hilo lina utamu wa ziada.) Mchezo huo mdogo unagusa swali ambalo halikumwacha mwandishi huyu maisha yake yote: je, mtu wa bara, aliyezaliwa mbali na pwani katika jamii yenye lugha yake nyingine, anaweza kukimiliki Kiswahili kiasi cha kukitungia riwaya?

Jibu lake la kwanza ni jina la mhusika mkuu wa Siku Njema: Kongowea Mswahili. Kongowea ni jina la kale linalohusishwa na Mombasa, na leo ni mtaa na soko mashuhuri mjini humo. Lakini kijana huyu mwenye jina zito la Kimombasa amezaliwa Tanga, mamaye ni Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, na baada ya kufiwa naye anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Safari hiyo inampeleka bara, hadi upande ule ule wa Trans-Nzoia alikokulia mwandishi. Riwaya nyingi zilizokwisha kuandikwa zilimtoa kijana shambani zikampeleka mjini kuharibika. Hii inamtoa pwani, kitovu cha lugha, ikamfikisha kwa watu ambao Kiswahili chao walikipata shuleni, sokoni na barabarani. Kichwa cha riwaya nacho chajadiliana na methali isemayo kwamba siku njema huonekana asubuhi. Asubuhi ya Kongowea haikuwa njema hata kidogo.

Ufasaha wa riwaya hiyo ulipendwa mno na walimu, nayo ikateuliwa kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Yafaa kusema wazi kwamba ufasaha huo una kasoro yake. Methali na misemo wakati mwingine hufuatana kwa wingi kupita kiasi, kana kwamba mwandishi wa bara alihofia kuulizwa hati yake ya uraia wa lugha. Katika kazi za baadaye hofu hiyo inapungua.

Baada ya Siku Njema, Walibora alijulikana pia kwa sauti, kama mtangazaji wa habari za Kiswahili katika redio na televisheni. Wakati huo huo aliendelea kuandika. Ndoto ya Amerika, ya 2001, inawaangalia vijana wa kijijini wanaovutwa na tamaa ya kwenda ng'ambo. Kufa Kuzikana, ya 2003, inauliza urafiki wa vijana wawili utasimama vipi pale makabila yao yanapochinjana. Nchi ya riwaya ni ya kubuni, lakini Bungoma na Trans-Nzoia zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizokumbwa na mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Miaka minne baada ya kitabu kutoka, uchaguzi wa Desemba 2007 uliiwasha Kenya tena.

Naye mwandishi wa Ndoto ya Amerika alikwenda Amerika. Mwaka 2009 alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Ohio State kwa utafiti juu ya maandishi ya wafungwa wa kisiasa nchini Kenya, akiwamo Abdilatif Abdalla, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison. Hadithi fupi "Damu Nyeusi", juu ya mwanafunzi Mwafrika anayekutana na ubaguzi Marekani, yaweza kusomwa kando ya ile riwaya ya 2001 kama jibu lake.

Kidagaa Kimemwozea, ya 2012, ndiyo iliyoenea zaidi, kwani ilitahiniwa Kenya kuanzia 2013 hadi 2017. Wengi waliisoma kama kisa cha mtawala dhalimu, Mtemi Nasaba Bora, na mashamba aliyoyapora. Lakini humo mna wizi mwingine: Amani, kijana msomi anayegeuka mchungaji wa ng'ombe, ameibiwa mswada, na aliyeuchapisha kwa jina lake ni Mwalimu Majisifu, ndugu wa Mtemi. Mwenye ardhi na mwenye kalamu wanatoka tumbo moja. Ni jambo la kusikitisha kwamba riwaya yenye onyo la namna hii ilizungukwa na utitiri wa miongozo, hata mwanafunzi akaweza kujibu mtihani pasipo kuifungua.

Nasikia Sauti ya Mama, tawasifu yake ya 2014, inaonyesha kwamba yatima wa Siku Njema hakubuniwa kutoka hewani.

Aliporejea nyumbani alifundisha katika Chuo Kikuu cha Riara. Tarehe 10 Aprili 2020, siku ya Ijumaa Kuu, aligongwa na basi katika Barabara ya Landhies, Nairobi. Jamaa na marafiki walimtafuta kwa siku kadhaa kabla ya mwili wake kutambuliwa katika chumba cha maiti cha Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na uchunguzi wa maiti ulizua maswali juu ya yaliyomfika kabla ya ajali. Ilikuwa miezi ya mwanzo ya korona, mazishi yakiruhusiwa watu wachache tu. Wasomaji wake, waliokuwa wengi kuliko wa mwandishi yeyote wa rika lake nchini Kenya, waliomboleza kwa redio na kwa simu.