Baraza la Parokia: Sauti ya Kijiji cha Kiingereza

Ndugu msomaji, usikiapo habari za utawala wa Uingereza, bila shaka fikra zako huelekea London, penye Bunge na Waziri Mkuu. Leo nakuomba ugeuze uso kuelekea kijijini, ukitazame chombo kilicho chini kabisa katika ngazi za utawala wa nchi hiyo: baraza la parokia.

Parokia, kwa asili yake, ni eneo linalohudumiwa na kanisa moja. Kwa karne nyingi mambo ya kijiji, kama matunzo ya maskini na matengenezo ya barabara, yaliamuliwa katika mkutano uliofanyika kanisani. Lakini wajumbe hawakuwa sawa. Sheria ya mwaka 1818 ilimpa mwenye mali nyingi hadi kura sita, na mwenye mali kidogo kura moja. Hivyo neno la mwisho likawa la mwenye mashamba makubwa na kasisi.

Hebu tafakari jambo hili. Mwaka 1884 vibarua wengi wa mashambani walipata haki ya kumchagua mbunge. Mtu huyo sasa alishiriki kuamua nani aongoze dola, ilhali sauti yake ilikuwa hafifu juu ya njia ipitayo mbele ya mlango wake!

Ndipo mwaka 1894 Bunge likapitisha Sheria ya Serikali za Mitaa. Mamlaka yasiyohusu ibada yaliondolewa kanisani, yakakabidhiwa baraza la kuchaguliwa katika kila parokia ya mashambani yenye watu 300 au zaidi. Wanawake, walioolewa na wasioolewa, waliweza kugombea, miaka 24 kabla ya wanawake wa kwanza kupata haki ya kumchagua mbunge. Sheria iliagiza pia kwamba mkutano wa wapiga kura wa parokia usianze kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kwa nini? Kwa sababu saa hiyo kibarua ameshatoka shambani. Agizo dogo, lakini bila hilo haki yake ingebaki kwenye karatasi.

Leo Uingereza ina mabaraza ya namna hii yapatayo 10,000. Hutunza viwanja vya michezo, makaburi, na vishamba vinavyokodishwa kwa wakazi. Hutoa maoni juu ya maombi ya ujenzi, ingawa uamuzi ni wa mabaraza ya juu. Fedha zake hutokana na sehemu ndogo ya kodi ya nyumba, na madiwani wengi hawalipwi mshahara. Mikutano yake iko wazi kwa wananchi, kwa sheria ya mwaka 1960 iliyopendekezwa bungeni na mbunge mpya wakati huo, Margaret Thatcher.

Hata hivyo, siku hizi viti vingi hujazwa bila kupigiwa kura, kwa kukosa wagombea wa kutosha. Milango iliyofunguliwa kwa kibarua hupitwa na wajukuu zake. Wahenga walinena: mdharau mwiba, mguu huota tende. Asiyejali nani anaamua juu ya kijia cha kijijini asishangae akikikuta kimezibwa. Nawe msomaji, je, unajua kwenu maamuzi madogo hufanywa na nani, wapi, na saa ngapi?