Gari haibridi na matairi yake: kwa nini yanaisha upesi, tena upande mmoja

BUJUMBURA – Uhaba wa mafuta uliosumbua Burundi mwaka 2024 na 2025 uliwafundisha wenye teksi na wafanyabiashara kuhesabu kila lita. Ndiyo maana gari haibridi, yaani gari linalotumia petroli na umeme kwa pamoja, kama vile Toyota Prius au Aqua, linaonekana kuwa jibu. Linakula petroli kidogo, na likiwa limetumika Japani hupatikana kwa bei ambayo mtu wa kati anaweza kuikusanya.

Hata hivyo, ipo gharama moja ambayo mnunuzi huisahau. Matairi ya mbele ya gari hilo yanaweza kuwa kipara mapema, na mara nyingine ukingo wa ndani unaisha wakati upande wa nje bado una meno. Makala haya yanaeleza sababu zake, jinsi ya kuzitambua kwa kutazama tairi, na hatua za kuchukua kabla ya faida ya petroli kuishia kwa muuza matairi.

HESABU KWANZA

Tuchukue mfano wa teksi inayotembea kilomita 30,000 kwa mwaka. Ikiwa gari la kawaida linatumia lita 8 kwa kilomita 100 na haibridi lita 5, mwenye haibridi anaokoa lita 900 kwa mwaka.

Sasa tuangalie matairi. Seti ya matairi manne ikidumu kilomita 40,000, gari hilo linakula matairi matatu kwa mwaka. Seti hiyo hiyo ikiisha kwa kilomita 20,000, linakula matairi sita. Ikiwa bei ya tairi moja ni sawa na bei ya lita 75 za petroli, matairi matatu ya ziada ni sawa na lita 225. Hiyo ni robo nzima ya akiba yote ya mwaka.

Tairi ni bidhaa ya kuagizwa kutoka nje, na kwa mfanyabiashara wa Bujumbura hilo lina maana ya kutafuta dola katika nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni. Tairi linalokufa kabla ya wakati wake linamla mwenyewe mara mbili: kwa faranga na kwa dola.

KWA NINI MATAIRI YA MBELE

Katika Prius na Aqua za kawaida, injini na mota ya umeme zote huzungusha magurudumu ya mbele. Mota ya umeme hutoa nguvu yake tangu gari linapoanza kuondoka, haisubiri mizunguko ipande kama injini ya petroli. Dereva akikanyaga kwa haraka kwenye kila kituo cha abiria, matairi ya mbele husuguliwa kila mara.

Wakati wa kupunguza mwendo, mota hiyo hiyo hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kazi hiyo pia hupitia matairi ya mbele. Kwa hiyo matairi hayo mawili hubeba kuondoka, kupunguza mwendo na kukata kona, huku ya nyuma yakifuata tu. Matairi ya mbele yakiisha haraka kuliko ya nyuma, lakini kwa usawa kutoka ukingo hadi ukingo, gari halina hitilafu. Linahitaji tu kubadilishiwa matairi nafasi.

Jambo la tatu ni aina ya tairi. Magari haya hutoka kiwandani na matairi mepesi yaliyobuniwa kupunguza ukinzani barabarani ili kuokoa mafuta. Ni mazuri kwa lami safi, lakini hayakutengenezwa kwa ajili ya mawe na kingo za lami zilizovunjika.

MATAIRI YA BARIDI KATIKA NCHI YA JOTO

Magari mengine hutoka katika maeneo ya Japani yenye theluji na kuletwa yakiwa bado na matairi ya baridi. Mpira wa tairi hilo ni laini kwa makusudi, kwa sababu umekusudiwa kufanya kazi katika baridi ya chini ya nyuzi 7. Bujumbura, iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, ina joto la wastani la nyuzi 24 hivi, na lami ya mchana huwa moto zaidi ya hapo. Katika hali hiyo tairi la baridi huisha upesi sana.

Kulitambua ni rahisi. Ubavuni huwa na neno STUDLESS au alama ya mlima wenye kitone cha theluji, na meno yake yamejaa mikato midogo midogo kama ya wembe. Mnunuzi akiona tairi la namna hiyo asilihesabu kuwa ni zima, hata kama meno yake ni marefu. Katika majadiliano ya bei, matairi hayo yahesabiwe kuwa ya kubadilishwa.

KUSHOTO TANZANIA, KULIA BURUNDI

Gari linalonunuliwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bujumbura. Likivuka mpaka wa Kabanga na Kobero hubadilisha upande wa barabara: Tanzania wanaendesha kushoto, Burundi wanaendesha kulia, kama Rwanda na Kongo.

Mabadiliko hayo yanagusa matairi. Barabara hujengwa ikiwa imeinuka katikati na kuteremka pembeni ili maji ya mvua yatoke. Tanzania gari huvutwa kidogo kuelekea kushoto, Burundi huvutwa kuelekea kulia. Kama fundi wa Dar es Salaam aliliweka gari lipingane na mvuto wa kushoto, likifika Burundi litavuta kulia maradufu, na dereva atashinda akilirudisha kwa usukani. Matairi ndiyo yanayolipa.

Mizunguko ya barabara nayo ina sehemu yake. Burundi gari huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, na uzito hulalia upande wa kulia. Teksi inayoshinda mjini huweza kumaliza bega la nje la tairi la mbele kulia kabla ya mengine. Gari linalokwenda na kurudi kati ya nchi mbili hupata nafuu, kwa kuwa mvuto hubadilika.

Kabla ya kulipia alaimenti, gari lijaribiwe kwenye uwanja tambarare. Likienda sawa hapo lakini likavuta kulia barabarani, tatizo ni mteremko wa barabara. Likivuta hata kwenye uwanja tambarare, fundi atazame upepo wa matairi kwanza, kisha vyuma.

MTEREMKO WA BUGARAMA

Barabara ya RN1 hupanda kutoka Bujumbura, ambayo iko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, katika umbali wa kilomita zipatazo 35. Mizigo na abiria wa Gitega, Kayanza na mpaka wa Rwanda hupita hapo.

Wakati wa kushuka, betri ya haibridi hujaa mapema. Ikishajaa haiwezi tena kupokea umeme, na gari hutumia injini kujizuia pamoja na breki za kawaida. Dereva anayejua huweka gia kwenye herufi B tangu mwanzo wa mteremko na kushuka polepole. Asiyejua hukanyaga breki kona baada ya kona, na matairi ya mbele hupata moto na kusuguliwa begani.

Tairi lililoisha ukingo wa ndani ni hatari kubwa hapa. Mtu akilitazama kwa nje huliona zima, kumbe upande wa pili nyuzi za chuma zimeanza kuonekana. Likipasuka kwenye kona ya Bugarama, hasara si ya tairi tena.

Mashimo ndiyo chanzo kingine kikubwa. Mvua na mafuriko ya mto Rusizi na ya ziwa, kama yale ya mwaka 2020 na 2024 upande wa Gatumba, huacha barabara zenye mashimo na kingo zilizoliwa. Pigo moja zito hutosha kupinda tairodi au kuharibu boljointi, na kuanzia siku hiyo tairi halisimami tena wima wala sambamba na mwenzake.

KUSOMA TAIRI

Kila aina ya kuisha ina chanzo chake. Mwenye gari apitishe kiganja juu ya tairi na kutazama upande wa ndani pia.

1. Kingo zote mbili zimeisha, katikati pazima: upepo ni mdogo au mzigo umezidi.

2. Katikati pameisha, kingo nzima: upepo umezidi. Hutokea kwa wanaojaza sana wakitaka kuokoa petroli.

3. Ukingo mmoja tu umeisha, wa ndani au wa nje: gurudumu limelala au limepinda. Alaimenti, bushi na boljointi zikaguliwe.

4. Meno kama ya msumeno, kiganja kikipita upande mmoja ni laini na kikirudi kinakwaruza: magurudumu hayako sambamba.

5. Mabonde mabonde kuzunguka tairi: shokapu zimechoka, au tairi halikupimwa balansi.

6. Bapa sehemu moja tu: breki ilifunga gurudumu, au gari lilikaa muda mrefu bila kusogezwa.

Ili kuona uzito wa kosa la namba 4, tuchukue tairi la kipimo cha 185/65R15, lenye kipenyo cha milimita 620 hivi. Gurudumu likiwa limegeuka kwa milimita 3 tu kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, ni sawa na kuburutwa kando karibu mita 5 katika kila kilomita. Baada ya kilomita 10,000, ni karibu kilomita 50 za kuburutwa.

UPEPO: VIPIMO VITATU, TAIRI MOJA

Hapa wasafirishaji wa mpakani huchanganyikiwa. Kibandiko cha Japani kwenye nguzo ya mlango wa dereva huandikwa kwa kilopaskali. Dar es Salaam pampu husoma PSI. Bujumbura, kwa mazoea ya Kifaransa, husoma bari. Ulinganisho wake ni huu:

Kilopaskali 200 = bari 2.0 = PSI 29
Kilopaskali 220 = bari 2.2 = PSI 32
Kilopaskali 240 = bari 2.4 = PSI 35

Kipimo sahihi ni kile cha kibandiko cha gari husika, si kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Cha ubavuni ni kikomo cha juu ambacho tairi linaweza kustahimili.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Kila joto linapopanda nyuzi 10, upepo huongezeka kwa bari 0.1 hivi, yaani karibu PSI 1.5. Anayepunguza upepo kwenye tairi la moto baada ya safari ndefu ataamka na tairi lenye upepo pungufu. Kupanda Bugarama hakuhitaji marekebisho: hewa nyepesi ya mlimani huongeza kipimo, baridi yake hukipunguza, na mambo hayo mawili karibu yanalingana.

ALAIMENTI NA KUBADILISHA NAFASI

Alaimenti, ambayo mafundi wanaotumia Kifaransa huiita parallélisme, ifanyike gari likishafika Burundi, kila linapofungwa matairi mapya, na baada ya pigo zito la shimo. Kabla ya hapo fundi, awe wa Buyenzi au kwingine, atikise magurudumu na kukagua tairodi, boljointi, bushi na beringi. Kufanya alaimenti juu ya vyuma vilivyolegea ni kutupa fedha, kwa kuwa vipimo havidumu.

Katika Prius za miaka ya 2003 hadi 2015 na katika Aqua, ekseli ya nyuma ni kipande kimoja ambacho kwa kawaida hakina mahali pa kurekebisha. Tairi la nyuma likiisha upande mmoja, fundi asikimbilie mashine. Atafute ekseli iliyopinda au beringi mbovu. Gari la namna hiyo huenda liligongwa, na mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Kila kilomita 8,000 matairi yabadilishiwe nafasi. Ya mbele yarudi nyuma kwa upande ule ule, na ya nyuma yaje mbele kwa kupishana, la kulia liende kushoto na la kushoto liende kulia. Hivyo bega linalosuguliwa na mizunguko ya mjini hupata kupumzika. Tairi lenye mshale wa mwelekeo lisivushwe upande, lihamishwe mbele na nyuma tu.

KWA ANAYENUNUA

Kabla ya kulipa, mnunuzi anashauriwa kufanya mambo manne. Ageuze usukani hadi mwisho na kutazama ukingo wa ndani wa matairi ya mbele. Alinganishe kuisha kwa kulia na kushoto. Atafute alama za kikomo ndani ya mifereji ya tairi: meno yakilingana nazo, yamebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Mwisho asome tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ambapo 3421, kwa mfano, ni wiki ya 34 ya mwaka 2021. Tairi la zamani lenye meno marefu lakini lenye nyufa ubavuni si la kupanda nalo Bugarama.

Haibridi inaokoa petroli kweli. Akiba hiyo hubaki mfukoni kwa yule anayepima upepo kila wiki, anayebadilisha nafasi za matairi kwa wakati, na anayepeleka gari kwa fundi siku lilipopigwa na shimo, si siku tairi lilipopasuka.