"Wimbo wa Taxi" si wa Taxi

Kwenye promosheni yetu tulikuwa tunauita "wimbo wa Taxi", basi. Ile filme ya Kifaransa ilitoka 1998, na sisi tuliiona miaka mingi baadaye, kwa DVD iliyokwaruzika, watu kumi na tano mbele ya televizyo moja. Mwanzoni kijana Daniel anakata Marseille na skuta ya kupeleka pitsa, na gita inakimbia pamoja naye. Rafiki mmoja akabisha: eti ni wimbo wa Black Eyed Peas. Mwingine akasema hapana, ni wa Pulp Fiction. Tulibishana mpaka umeme ukakatika, na wote tulikuwa tumekosea.

Wimbo unaitwa Misirlou. Jina limetoka kwa neno la Kituruki la kumwita mtu wa Misri, na hapa ni msichana. Haukuzaliwa kama rock. Ulikuwa wimbo wa mapenzi, wenye maneno yake, wa pande za mashariki ya Mediterania, na mtunzi wake wa kweli hajulikani. Rekodi ya zamani zaidi inayojulikana ni ya 1927: Tetos Demetriades aliuimba kwa Kigiriki kule New York. Halafu 1941 Nick Roubanis, mwalimu wa muziki Mgiriki aliyeishi Marekani, akautoa kwa mtindo wa jazz na kuandika jina lake kama mtunzi. Mushike hiyo karatasi, tutairudilia.

Aliyeufanya ukimbie ni Dick Dale, 1962, California. Jina la kwao ni Richard Monsour, na baba yake alikuwa wa asili ya Lebanoni. Tangu utoto alisikia wakubwa wa jamaa wakipiga ngoma na udi wa Kiarabu. Siku moja kijana fulani akamuuliza kama anaweza kupiga wimbo muzima juu ya uzi mmoja tu wa gita. Dale akakumbuka Misirlou, akauongeza mwendo. Alipiga kwa mkono wa kushoto, nyuzi zimepinduliwa, kwa nguvu hata Leo Fender, mtengenezaji wa magita, ikabidi amtafutie amplifaya kubwa zaidi.

Na aliondoa maneno. Kwangu mimi hapo ndipo historia yote inageukia. Wimbo wa kumlilia msichana wa Misri huwezi kuuweka popote, lakini gita isiyosema kitu inaingia kila mlango. 1994 Quentin Tarantino aliuweka mwanzoni mwa Pulp Fiction, pale wezi wawili wanapotoa bunduki ndani ya restora. Miaka ine baadaye ukapanda skuta ya Marseille. 2005 Black Eyed Peas wakaukata na kujenga juu yake Pump It. Mwaka uliofuata ukaingia kwenye mchezo wa Guitar Hero II. Kila kizazi kinaamini ni wake, juu hakuna neno hata moja la kukiambia umetoka wapi.

Sasa ile karatasi. Marekani, redio za kawaida zikipiga wimbo zinalipa haki za mtunzi. Aliyeupiga na kuurekodi halipwi kitu. Maana yake, kila mara redio ya kule ilipopiga ile gita ya Dale, haki zilikwenda upande wa mtunzi aliyeandikwa: Roubanis. Simuiti mwizi. Alikuta wimbo wa watu wote, akauandikisha, na sheria ikamkubali. Lakini Dale, mwenye miaka karibu 80, mgonjwa, alisema wazi kwamba haachi kusafiri na kupiga konseri juu lazima alipe madawa. Alikufa Machi 2019.

Juma lililopita nilitafuta majina ya watunzi wa Pump It, ili nimalize ule ubishi wetu wa zamani. Jina la Roubanis liko. La Dick Dale haliko, na la ule wa kwanza kabisa, aliyempenda msichana wa Misri, pia haliko.