Nanga ya Birmingham, Saa ya Mombasa

Vijiko vya fedha vya Kiingereza ninavyokusanya hapa Mji wa Kale vina kitambulisho. Geuza mpini: simba anayetembea, yaani fedha ni sehemu 925 katika 1000, nanga, yaani Birmingham, mji usio na bahari, alama yake tangu 1773, herufi, yaani mwaka. Fundi naye kaweka jina lake. Mpishi na boi waliovisugua miaka yote hawana alama hata moja.

Saa ya ukutani je? Mshale mfupi ukigota saba asubuhi, sisi twasema saa moja. Serikali ya Waingereza iliingia 1895. Saa zao tukazitia ufunguo, hesabu ikabaki ya jua letu. Kijiko naweza kukuuzia. Saa, zii.