Jinsi ya kuunganisha pau na mstari katika grafu moja

TAKWIMU za sensa nchini Kenya zina mambo mawili yanayoonekana kupingana. Idadi ya watu ilipanda kutoka milioni 10.9 mwaka wa 1969 hadi milioni 47.6 mwaka wa 2019. Hata hivyo, kasi ya ongezeko ilishuka: kati ya 1969 na 1979 watu waliongezeka kwa asilimia 40, ilhali kati ya 2009 na 2019 waliongezeka kwa asilimia 23.

Atakayechora pau peke yake ataonyesha kupanda tu. Atakayechora mstari wa asilimia peke yake ataonyesha kushuka tu. Ndiposa grafu mseto huhitajika.

Katika programu ya Excel, kuanzia toleo la 2013, andaa safu wima tatu: mwaka, idadi kamili ya watu, na asilimia ya ongezeko tangu sensa iliyotangulia. Kwa sensa za 1979, 1989, 1999, 2009 na 2019, asilimia hizo ni 40, 40, 34, 35 na 23. Kisanduku kilicho juu ya miaka kiachwe wazi, la sivyo huenda programu ikaichukulia miaka kuwa takwimu za kuchorwa.

Teua jedwali lote, fungua menyu ya Insert, kisha uchague grafu ya aina ya Combo. Idadi ya watu ipewe pau, nayo asilimia ipewe mstari. Ukiishia hapo, mstari utalala chini kabisa, kwani 40 haionekani mbele ya mamilioni. Dawa yake ni kutia alama kwenye Secondary Axis katika safu ya asilimia, ili mstari upate mhimili wake upande wa kulia.

Mhimili huo uanzie sifuri. Ukianzia 20, kushuka kutoka 35 hadi 23 kutaonekana kama maporomoko. Aidha, mahali mstari unapokata pau hapana maana yoyote. Ni matokeo ya vipimo vilivyochaguliwa. Kila mhimili uandikwe kipimo chake.

Uangalifu huu una faida. Mwongo wa 1969 hadi 1979 uliongeza watu milioni 4.4, ule wa 2009 hadi 2019, licha ya kasi kupungua, uliongeza takriban milioni 9. Anayepanga madarasa na zahanati hana budi kuyaona yote mawili.